Uji wa Kuku wa Bi Mkubwa

Kikoneni,
Machi 1999

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo, mama. Nakushika miguu kutoka huku mbali. Je, goti lako limepoa, au bado lakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Na huko Kibuyuni mvua zimeanza? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mjukuu wako Ramadhani amenenepa, mashavu yamemjaa, na sasa ameanza kucheka. Hucheka na kila mtu, hata na mke mwenzangu Fauzia, na hilo nalo liliniuma, kama utakavyosikia.

Kaka Boga, wewe unayemsomea mama, soma pole pole wala usiruke mahali. Na usicheke.

Mama, najua Boga alikufikishia salamu zangu kwamba nimechoka na nyumba hii, aje anichukue na mtoto turudi nyumbani. Sikukueleza sababu kwa kuwa niliona haya. Sababu ni kuku.

Baada ya Idi mume wangu Nassir alileta vifaranga wa kuku wa nyama, wale weupe wanaokua upesi. Alitaka kuwauza kwenye jiko la hoteli anakofanyia kazi ya bustani, kule Diani. Akatugawia sawa kwa sawa, kama sheria inavyotaka kwa mwenye wake wawili. Mabanda sawa, vifaranga sawa, na faida ya kila banda ni ya mwenyewe. Chakula cha dukani ni ghali, kwa hivyo alituletea magunia ya pumba za mahindi, mashudu ya nazi na dagaa waliosagwa. Na kila mmoja akapewa pakiti ya unga mweupe wa kutia kwenye chakula. Yule bwana aliyeuuza aliuita kimeng'enya, jina lenyewe gumu kama mfupa. Alikuja mwenyewe uani kutufundisha, lakini mimi nilikuwa bado ndani, arubaini yangu haijaisha, nikasikia sauti tu kupitia dirishani. Nassir akaniambia nichanganye na chakula, basi.

Mama, kuku wa Fauzia walikua kama waliopuliziwa pumzi. Wangu wakabaki na shingo nyembamba, na kinyesi chao kilikuwa majimaji, kimejaa pumba vile vile zilivyoingia. Majirani wakija kuteka maji walipita kwanza kwenye banda la bi mdogo kustaajabu, kisha wakija kwangu huniuliza kama kuku wa bi mkubwa bado wananyonya. Mimi nacheka nao, moyoni nachomeka.

Nilianza kumpeleleza. Siku za zamu yake nilitega sikio nisikie Nassir akimpa nini. Fauzia akienda sokoni nachungulia magunia yake, naonja mashudu yake kwa ulimi nione kama ni matamu kuliko yangu. Yalikuwa yale yale. Ndipo nikaamini kuwa pakiti yake ndiyo iliyo ya kweli na yangu ni unga wa muhogo. Niliwaza kuwa mimi nimemzalia mtoto wa kiume, lakini Fauzia ni mke mpya, amesoma hadi sekondari na bado ana kiuno, basi mume amempa kilicho bora. Nikamwambia Nassir mbele ya Fauzia kwamba hana uadilifu na Mungu anamwona. Aliapa kwa msahafu, mama. Sikumsikia. Akanijibu kwamba wivu wangu utamlisha nani, kisha akaondoka kwenda kazini bila kunywa chai. Ndiyo siku niliyomtumia Boga maneno yale.

Juma lililopita Fauzia alikuja jikoni kwangu kuomba makaa. Mimi nilikuwa napika uji wa kuku. Ndiyo, mama, nilikuwa nikiwapikia. Wewe mwenyewe uliponiuguza mwanzo wa arubaini, kabla hujarudi Kibuyuni, ulininywesha uji wa moto asubuhi na jioni ukisema tumbo la mzazi halitaki kitu baridi. Nikaona vifaranga nao ni wachanga, hawana mama, watakula pumba kavu vipi? Kwa hivyo kila siku nilichemsha pumba na mashudu, nikatia ule unga sufuriani huku uji ukitokota, nikaupoza, nikawapelekea.

Fauzia alipoona natia unga akaweka mkono mdomoni. Akaniuliza, bi mkubwa, tangu lini wafanya hivyo? Nikamwambia tangu siku ya kwanza, yamhusu nini. Akakaa kwenye kibao. Akanieleza kuwa yule bwana alisisitiza unga ule si dawa wala si chakula. Kazi yake ni kuvunjavunja makapi ya mashudu na pumba ndani ya tumbo la kuku, ili wapate kile kilichofichika humo, la sivyo hupita tu na kutoka nyuma. Na ukiupika umeuharibu, hauna kazi tena. Alidhani Nassir ameniambia. Nassir naye alidhani pumba ni za kumwagwa tu, nani angezipika?

Sikumshukuru. Nilimwambia amejua yote hayo akanyamaza ili anishinde. Aliondoka bila makaa.

Siku ya mpishi wa hoteli kuja na mizani, nilikwenda kisimani baada ya sala ya alfajiri. Niliporudi nikafungua banda, nikakuta kuku wazito, vifua vimejaa. Nikasema alhamdulillahi, kumbe siku chache za kuwalisha pumba kavu zimetosha! Mpishi aliwachukua karibu wote. Akawakataa wengi wa Fauzia kwa kuwa ni wepesi mno, na Nassir akanisifu mbele ya majirani walewale. Mama, nilisimama nimemwinua Ramadhani begani kama bendera.

Walipoondoka nikapita kwenye banda la Fauzia, nikitaka kumwonea raha kidogo. Ndani yake nikamwona jike langu lenye kidole kilichopinda, lile nililolilea chini ya kitanda changu kwa joto la taa. Lilinijua. Likaja kwenye waya.

Fauzia alikuwa nyuma yangu. Hakujitetea. Alisema tu kwamba alisikia Boga anakuja kunichukua, na kwamba nikiondoka watu watasema yeye ndiye aliyenifukuza, na uani atabaki na nani wa kuzungumza naye mchana kutwa. Akanyoosha mikono, na Ramadhani akaenda kwake akicheka. Ile faida Fauzia alikuwa akiingojea anunue cherehani.

Sasa nakwambia lile ambalo sijamwambia mtu. Nassir hajui. Ananisifu mpaka leo, na mimi nimenyamaza, na sifa zile zimenipendeza. Na wivu haujaniisha, mama. Umehama tu. Zamani nilimwonea wivu kwa kuku wake, sasa namwonea wivu kwa moyo wake, kwa sababu mimi nisingefanya vile.

Nimekusudia kesho, Nassir akija kwa zamu yangu, nimwite Fauzia tukae sote watatu nimwambie mume wetu kuku wale ni wa nani. Fedha nimezifunga kwenye leso, ni zake. Naomba uniombee dua nisibadilike hadi kesho.

Boga aje, lakini asije na kamba za kufungia mizigo. Aje na gunia la dagaa. Vifaranga wajao nitamwomba Fauzia tuwalee katika banda moja, ili nikiwatazama nisijue wepi ni wake.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Ramadhani akubusu mkono, na mimi pia.

Mwanao akupendaye,
Mejumaa