Paswedi ya Kambale

Jumatatu, 8 Septemba

Samaki wamefika mapema kutoka mtoni. Perege wazuri, kambale wachache. Nimemaliza beseni la kwanza wakati wenzangu bado wanafukuza nzi. Meza yangu inajulikana soko zima la Ifakara. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Mchana kaja Yustina, binti wa dada yangu Sofia. Kaja kuangalia barua pepe yake, kama kila wiki. Akaunti nilimtengenezea mimi mwaka jana kwenye simu yangu, maana yeye hana simu na mimi ndiye mtaalamu wa ukoo. Kachaguliwa chuo cha uuguzi. Namba ya kuthibitisha nafasi inatumwa kwenye hiyo barua pepe. Mwisho Ijumaa. Asiyethibitisha, nafasi anapewa mwingine.

Simu imegoma. Inasema mfumo wake ni wa zamani, barua pepe haifunguki tena humu mpaka nisasishe. Nikabonyeza kusasisha. Ikasema simu hii imeshapitwa, haina toleo jipya. Miaka yote nimewatangazia watu kwamba mimi siruhusu apdeti, ndiko wapelelezi wanakopitia kuingia kwenye simu. Wengine walinisikiliza, wakaacha na wao.

Nimemwambia Yustina ni setilaiti. Imepita upande wa Mahenge, itarudi kesho. Akaitikia, "Sawa, mjomba." Ana adabu sana yule mtoto. Ingekuwa afadhali angebisha.

Jumanne, 9 Septemba

Hakuna setilaiti iliyorudi.

Yustina kaja na simu ya rafiki yake. Mpya, inafungua kila kitu. Kinachotakiwa ni paswedi tu, na paswedi anayo mjomba. Alipoiomba mwaka jana nilimwambia paswedi haigawiwi kama mbegu. Nikamwambia ndani yake yumo yule kambale wangu pamoja na uzito wake, hata serikali za nje haziipati.

Sasa mimi mwenyewe siipati.

Shida ni yule kambale. Aliyevuta mtumbwi wangu kutwa nzima kupandisha mto, mimi nimeshika kamba kwa meno. Uzito wake unategemea na siku. Pasaka alikuwa kilo themanini. Kwenye msiba wa jirani alifika mia moja na kumi, maana watu walikuwa na huzuni, walihitaji samaki mkubwa. Nimejaribu themanini. Imekataa. Mia na kumi. Imekataa. Nikamwambia Yustina vidole vyangu vina mafuta ya samaki.

Ipo njia ya kurejesha, wanatuma namba kwenye laini. Laini yenyewe ni ile ya zamani. Watu niliwaambia niliitupa mtoni kukwepa wapelelezi. Ukweli ni kwamba ilifungwa kwa kukaa bila kutumika.

Jumatano, 10 Septemba

Aibu tupu leo. Nimekwenda kijiweni kwenye kahawa kuuliza watu: mwaka jana, wakati wa mavuno ya mpunga, yule kambale wangu nilisema ana kilo ngapi?

Masanja, yule mfugaji, akasema, "Mimi uliniambia mia mbili. Ukasema ndama wangu wamwamkie." Kinyozi akakataa. Sabini, na alikuwa na hereni. Mwingine nyuma huko akauliza, "Anko, umemsahau kweli? Si mlikuwa kama ndugu?" Walicheka mpaka muuza kahawa akajimwagia.

Na mimi nimecheka. Tumbo linaniuma mpaka sasa.

Tumejaribu mia mbili. Sabini. Na nyingine nilizookota njiani. Ikafunga kabisa. Majaribio yamezidi, tusubiri kesho kutwa. Yustina alifuta kioo cha simu ya watu kwa pindo la kanga, akaondoka.

Alhamisi, 11 Septemba

Sofia kaja kutoka Michenga. Nilijua atanigombeza, nikajiandaa. Hakugombeza. Ni mbaya zaidi.

Kakaa juu ya ndoo nyuma ya meza yangu, ananitazama ninavyouza. Nikashindwa kupiga domo. Nimepima, nimefunga, nimerudisha chenji, kama bubu. Wateja wakaniuliza kama nina malaria.

Kasema kanisani kwao wameshatangaza. Mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kwenda chuo. Walimpigia makofi. Mimi niliishia darasa la sita, nikawa nasema nilifukuzwa kwa kumsahihisha mwalimu.

Wakati wa kuondoka kasema, "Kaka, siku unaiandika hiyo paswedi nilikuwepo. Ulitupa mgongo. Samaki wako huyo kila mtu unampigia makelele, siku ile ukamficha. Kwa nini?"

Nilijua pale pale. Nadhani tangu juzi nilikuwa najua, nilikuwa nazunguka tu. Ningeweza kumtajia akiwa bado amesimama pale. Nikamsindikiza mpaka kwenye bodaboda na mdomo nimefunga. Ndivyo nilivyo mwanaume.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi akaunti imekubali tena kujaribiwa. Tulikuwa sebuleni kwangu: Yustina, Sofia, mke wangu na mimi. Yustina ndiye mwenye simu mkononi, kwa hiyo ilibidi nimtajie kwa mdomo mbele ya wote.

"Kambale. Herufi ndogo zote. Halafu tatu."

"Tatu na ngapi, mjomba?"

"Tatu."

"Mia tatu?"

"Tatu tupu, mama."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alitazama bati. Tangu nimuoe anaamkia habari za yule samaki, anawakaribisha wageni waje wasikie. Wangecheka ningepona.

Ikafunguka.

Ndio uzito wake. Kilo tatu, na mzani ulikuwa wa muuza nyama, kwa hiyo hata hizo sina uhakika. Mtumbwi ulikuwa umefungwa ukingoni. Siku ile ya kuandika, mbele ya kioo tulikuwa mimi na simu tu, hakuna wa kumshangaza, nikaandika kilichokuwepo. Nikawapa mgongo wasione.

Namba ilikuwepo tangu wiki iliyopita. Yustina akathibitisha. Nafasi ni yake. Sofia alilia kidogo, akamshukuru Mungu. Mimi hakunishukuru, na hakukuwa na cha kunishukuru.

Kisha Yustina akabadilisha paswedi. Akasema, "Samahani, mjomba," akageuza kiti, akaandika akiwa amenipa mgongo. Nikatazama mlangoni ili asipate shida.

Jumamosi, 13 Septemba

Mto umeshuka. Samaki wachache, wadogo.

Mama mmoja kutoka Mang'ula kanunua perege. Kanunuliwa simu na mwanawe, inamdai akaunti na paswedi, haelewi. Kaulizia kwenye meza za mwanzo, wote wamemwelekeza kwangu.

Nikamwambia aende kwa fundi, upande wa stendi. Mimi sijui.

Hakuondoka. Nadhani alifikiri nataka kubembelezwa. Akasema, "Baba, nisaidie bwana, wamesema wewe ndiye."

Nikarudia kwamba sijui. Nikamwongezea perege mmoja mdogo, nikamfungia. Akanitazama kidogo, akaenda.