Nyumba Namba Moja, Kasingirima

Kasingirima, Ujiji
9 Novemba 2003

Ndugu yangu Nikodemu,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, wewe na shemeji Leonia pamoja na watoto. Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua tangu mvua zianze, na macho yanadai miwani ambayo pensheni ya mwalimu haitaki kuisikia. Ziwa lipo palepale ulipoliacha. Migebuka imeadimika mwezi huu, lakini dagaa wapo, na mawese ya kwenu Mwandiga yanafika sokoni kama kawaida, kwa hiyo usije ukadhani tunakufa njaa. Natumaini ule mguu wako umepona, na kwamba bado unakula ugali wa watu watatu.

Barua yako ya Septemba niliipata pamoja na vitabu. Sasa ninavyo vyote vitatu, nimevipanga juu ya kabati mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuviona. Wanafunzi wangu wa zamani wakinitembelea huwaambia kwamba mchumi huyu anayefundisha serikali namna ya kupanga miji nilikaa naye dawati moja, na kwamba hesabu za kugawanya alikuwa akininakili mimi. Hawaamini.

Umeniomba mambo mawili. La kwanza, niandike ukurasa mmoja wa utangulizi katika toleo jipya la *Mji Unaojilisha*, kwa kuwa mimi ndiye niliyezunguka nyumba hadi nyumba kukuhesabia watu wa Kasingirima mwaka tisini na nne. La pili, umeuliza mbona siku hizi shemeji yako Nasra haongezi mistari yake miwili chini ya barua zangu kama alivyozoea. Nimekaa na maswali hayo wiki sita. Nilianza utangulizi mara nne nikachana mara nne. Mwishowe nimeona kwamba yote mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe ni refu, basi nivumilie.

Unaikumbuka kazi ile ilivyoanza. Ulikuja Julai na maboksi ya fomu, ukaniajiri wakati wa likizo ya shule, ukaniambia: nyumba mia mbili na kumi na nne, kila nyumba wanalala wangapi, kila mmoja amezaliwa wapi, anafanya kazi gani, chakula chao kinatoka wapi. Chini ya kila fomu nilipaswa kutia sahihi kwamba yote niliyoandika ni kweli. Kwako lilikuwa jambo jepesi. Wewe ulikulia Mwandiga, hukujua kwamba wazee wa Ujiji hawapendi watu wao wahesabiwe. Ukimuuliza mama wa hapa ana watoto wangapi, atakwambia anao wa Mungu, kisha atakuuliza kama umekunywa chai.

Bibi Mwamini, mama mkwe wangu, ndiye aliyenitoa jasho zaidi. Alinikaribisha, akanipa kahawa na kashata, akanijibu yote isipokuwa idadi. Nilipombana sana aliniambia, "Mwalimu, ukihesabu watu wako, unawaonyesha njia ya kutokea." Nilicheka. Nilimwambia mambo hayo ni ya zamani, na kwamba serikali haiwezi kuleta maji bila kujua wanywaji ni wangapi.

Basi nikabuni mbinu yangu. Nilikuwa nikifika asubuhi na mapema kabla watu hawajatoka, nikihesabu viatu mlangoni. Jozi saba, watu saba. Halafu ndani nilikuwa nikiuliza kwa majina, mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia tu, na hakuna aliyekataa kusalimiwa. Wewe uliisifu mbinu hiyo kwenye kitabu, ukurasa wa hamsini na mbili. Niliandika hesabu ya viatu kwenye daftari langu la shule, na jioni nilikuwa nikikaa mezani kujaza fomu zako.

Mezani ndipo mambo yalipoharibika. Ulikuwa mwaka wa wakimbizi, unakumbuka. Warundi walikuwa wakivuka kila juma, na wale waliovuka miaka ya nyuma walikuwa wamekwisha kuwa majirani zetu, wanauza mihogo, wanashona, wanakamua mawese, wanazika nasi. Kila redio ilisema mahali pa mkimbizi ni kambini. Nilipofika kwenye pengo la "amezaliwa wapi" mkono ulikuwa ukisita. Kuandika "Ujiji" kwa mtu aliyezaliwa Nyanza-Lac ni uongo, nami nilikuwa natia sahihi. Kuandika "Burundi" ni kumpeleka mtu kwenye lori la kambini. Nikaona njia ya tatu. Sikumwandika kabisa. Niliyemwandika nilimwandika kwa kweli, na nisiyeweza kumwandika nilimruka. Nilijiambia kunyamaza si kusema uongo, na usiku nililala vizuri.

Kwa hiyo Jedwali la Tisa, ndugu yangu, lile linalosema kwamba katika nyumba mia mbili na kumi na nne hakukuonekana hata mkimbizi mmoja, si sahihi. Daftari langu linasema walikuwa mia moja sabini na watatu, katika nyumba sitini na moja. Sura yako ya nne yote, kwamba mji huu unajilisha kwa mikono ya wazaliwa wake, na kwamba kuitenga kambi na mji hakutaupunguzia mji chochote, imesimama juu ya watu niliowaruka. Mikono iliyokuwa ikikulisha ulipofikia hapa, na wewe unavyokula, mingi ilikuwa yao.

Ningeweza kuishia hapo, nikakutumia daftari, ukanigombeza kwa barua moja kali, tukaendelea. Lakini hukuniuliza habari za jedwali. Umeuliza habari za Nasra.

Ulikuja kwenye harusi yetu mwaka themanini na saba, ukala pilau ukamwita binti wa Bibi Mwamini. Si wewe tu, karibu kila mtu alimwita hivyo. Binti wa Bibi Mwamini aliyeitwa Nasra alifariki kwa homa mwaka sabini na mbili, akiwa na miaka saba. Mwezi huohuo alifika ufukweni mwa ziwa mtoto wa Kirundi wa miaka saba, amevuka na shangazi aliyekufa siku ya pili. Jina lake Mélanie. Bibi Mwamini alimchukua akampa nguo za marehemu, na viatu vilimtosha, akampa na jina. Wazee wa mtaa walijua wakanyamaza, na mimi nilipoposa niliambiwa, nikasema haidhuru. Haikudhuru miaka kumi. Kitu pekee alichobaki nacho cha kwao ni kunisalimia "amahoro" akiwa na furaha, tukiwa wawili tu.

Mwaka tisini na saba amri ikatoka kwamba wakimbizi wote walio nje ya kambi wakusanywe. Sisemi ni kitabu chako kilicholeta amri, usijipe ukubwa huo. Ilikuja kwa sababu zake. Lakini wazee wa mtaa walikwenda kuomba kwamba wale wenye familia na kazi mjini waorodheshwe, wapewe vibali vya kukaa. Kikaitishwa kikao, na mimi nikawa katibu, maana mwalimu haponi kuwa katibu. Akaja ofisa mmoja kutoka juu, mtu mpole, hakupaza sauti hata mara moja. Alifungua mkoba akatoa kitabu chako, kikiwa na karatasi nyekundu kwenye Jedwali la Tisa, akatusomea. Kisha akasema, "Mtaalamu amehesabu nyumba hadi nyumba, na aliyemhesabia ni mwenzenu. Hakuna hata mmoja. Sasa mnamwombea nani?"

Wazee wote walinigeukia. Bibi Mwamini alikuwa ameketi karibu na mlango, naye akanitazama. Daftari lilikuwa nyumbani, mwendo wa dakika tano. Ningesimama nikasema fomu zile ni pungufu, watu wapo, nawajua kwa majina, na wa kwanza wao ni mke wangu. Ofisa angeniona mwongo, labda ningefukuzwa kazi. Lakini ombi la wazee lingekuwa na miguu. Sikusimama. Niliinama nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: "Wajumbe hawakuwa na la kuongeza."

Wiki tatu baadaye Nasra alikwenda Mwandiga kununua mihogo. Askari walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, wakamwambia ataje alikozaliwa. Yeye hakuwa na ujanja wangu wa kuruka. Alisema kweli, akapandishwa lori na kapu lake la mihogo.

Sikukuandikia. Uliniuliza hali ya shemeji nikakujibu "anakusalimu sana". Nimekujibu hivyo miaka sita. Hizo salamu nilizitunga mimi, mezani hapa, nikiwa peke yangu.

Nilikuwa nikienda kambini kila nilipopata kibali, karibu mara tatu kwa mwaka. Basi hadi Kasulu, kisha mbele zaidi. Nilimpelekea dagaa, sabuni, na mara moja viatu vya plastiki vya bluu, maana vya kwake vilikatika. Aliishi banda moja na mwanamke mwenzake, Anésie, aliyekuwa akitupisha nikifika. Kila safari Nasra aliniuliza kama nimelipeleka daftari kwa wakubwa. Kila safari nilimjibu bado, naogopea nyumba sitini zilizobaki. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu na kunikatia muhogo.

Nikodemu, mficha uchi hazai. Sikuogopea nyumba yoyote. Kufikia mwisho wa mwaka ule wa tisini na saba nyumba zile zilikuwa zimekwisha sombwa karibu zote, na hapakuwa na wa kumlinda kwa kimya changu. Niliogopa ukurasa wa shukrani. Uliandika pale: "Kwa Mwalimu Zubery wa Ujiji, ambaye bila uaminifu wake kitabu hiki kisingekuwapo." Katika maisha yangu yote hilo ndilo jambo kubwa nililowahi kuandikwa. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini, sijapata hata cheti cha mfanyakazi bora. Ukurasa ule nimeusoma mpaka umechakaa, na kila nilipotaka kulitoa daftari nililiona neno "uaminifu" nikalirudisha kabatini. Nililinda jina langu kitabuni, nikamwacha mke wangu kambini. Hiyo ndiyo kweli, wala haina mlango wa nyuma.

Hilo nilimwambia yeye kwanza, Juni mwaka huu. Nilidhani nikimwambia nitapata nafuu. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikimenya muhogo, kisha akasema, "Uliponiruka kwenye fomu nilijua unanificha, nikashukuru. Uliponiruka kikaoni, ulinifuta." Hakulia wala hakunifukuza. Aliniambia basi la Kasulu halingoji.

Nilirudi Septemba, daftari likiwa ndani ya mfuko, safari hii nimekusudia kweli. Bandani alikuwamo Anésie peke yake. Aliniambia Nasra alijiandikisha kurudi Burundi, akaondoka na msafara wiki mbili kabla, kutafuta michikichi ya baba yake ambayo hajaiona tangu akiwa na miaka saba. Alijiandikisha kwa jina la Mélanie. Hakuacha barua. Aliacha vile viatu vya bluu, amevisafisha, akamwambia Anésie kwamba ni vya Ujiji, vimrudie mwenyewe. Kisha akaniuliza kama nataka maji ya kunywa.

Bibi Mwamini bado yu hai. Nilipompa habari aliagiza niletewe kahawa. Habari ya njia ya kutokea hakuikumbusha, na ningefurahi zaidi kama angeikumbusha.

Basi utangulizi sitauandika. Badala yake nakutumia daftari hili kwa mkono wa Pastory, anayepanda treni Jumanne. Lisahihishe jedwali lako. Andika mia moja sabini na watatu. Sura ya nne ivunje uijenge upya, wewe ni fundi wa mambo hayo, na serikali bado inakusikiliza. Najua kitabu kilichosahihishwa hakimrudishi mtu, lakini kesho kutakuwa na kikao kingine mahali pengine, na ofisa mpole mwingine atafungua mkoba wake. Ukurasa wa shukrani, tafadhali, niondoe.

Jambo moja tu usiliguse. Najua fomu za zamani unazihifadhi kwenye maboksi. Tafuta ile ya kwanza kabisa, nyumba namba moja, maana nilianza kazi kwangu. Utaona niliandika: watu, mmoja. Siku naiandika, Nasra alikuwa jikoni akiniuliza kama nitakula sasa au baadaye. Hiyo iache kama ilivyo. Ndiyo pekee katika fomu zako ambayo sasa ni sahihi.

Msalimie sana shemeji Leonia na watoto wote. Mzee Ndayisenga, fundi cherehani uliyemshonesha suruali, naye angekusalimu kama angekuwapo. Mungu akulinde barabarani na akupe afya ya kuendelea kuandika.

Na ukituma mtu kuja kuhakiki, mwambie abishe hodi aulize. Asihesabu viatu. Mlangoni pangu kuna jozi mbili.

Wako wa dawati moja,
Zubery