Risasi Ulizozijaza Jumapili

Baba Imani wangu,

Ile mashine yako wameiuza. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe, kwa sababu ndiye niliyegombana nayo muda wote kama mke mwenza, na kwa sababu hapa Dubai sina mtu mwingine wa kumwambia habari hiyo akaelewa kwa nini niliposikia nilikaa chini ukingoni mwa barabara pale Naif nikalia. Watu walikuwa wanapita na mabegi yao ya mzigo. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikanyanyuka nikapanda basi kurudi Mirdif kwa madam.

Nitakufikisha huko. Kwanza niache nianzie tulipoanzia, maana na penyewe ni Naif.

Ulikuwa bado mlinzi wakati ule, umesimama mlangoni mwa duka la mashuka, sare imekupwaya mabegani. Mimi nilikuwa nimeingia kumtafutia mama shuka la kumtumia Korogwe. Nikawa naligeuzageuza, ukanisogelea ukaniambia kwa Kiswahili chako cha Nakuru: "Dada, chukua mbili, utaokoa pesa." Nikakutazama juu mpaka chini. Nikakuuliza hiyo pesa imezama wapi mpaka iokolewe. Ulicheka hadi mwenye duka akageuka. Ukataka kujua sisi kwetu tunasemaje, nikakwambia tunasema unabana matumizi, unaweka akiba, na anayeokolewa ni mtu aliyetumbukia kisimani. Ukasema hayo ni maneno mengi kwa kitu kidogo. Nilinunua shuka moja tu, kwa ukaidi, na namba yako ya simu nikaondoka nayo.

Tangu siku hiyo neno hilo likawa letu. Ukilisema nakurekebisha, nikikurekebisha unalisema tena makusudi. Mama yako, mtu wa kanisa, alitusikia siku moja kwenye simu akasema niache kumsumbua mwanawe, kama yeye ameokoka basi na pesa yake iokoke. Jibu hilo ulilitembeza Dubai nzima. Hata Kato, yule Mganda msimamizi wako wa baadaye, alilijua.

Ulipopata kazi kwenye klabu ya shabaha nilimshukuru Mungu, maana ni kazi ya ndani, penye kiyoyozi, si ya kuchomwa na jua mlangoni mwa watu. Ulianza kwa kufagia. Wanachama wanapiga bastola zao, maganda ya shaba yanaruka sakafuni, wewe unapita nyuma yao na fagio unayakusanya kwenye ndoo. Ulinisimulia jinsi yanavyolia yakimwagwa, na mimi nikasema kumbe nimeolewa na mwokota makopo. Hukukasirika. Wewe hukuwa mtu wa kukasirika, na hilo nalo lilikuwa linanikera.

Kisha arbab, mwenye klabu, akachukua kibali cha kuyajaza upya yale maganda, akanunua mashine, na wewe ukafundishwa kuitumia. Jumapili ile ulikuja Mirdif umevimba kichwa. Tulikaa kwenye benchi letu kule bustanini, na chai zetu mbili za karak mkononi, ukanieleza kama mwalimu. Kwamba risasi ni ganda, baruti, kile kidude cha kuwashia na kile kichwa kinachoruka. Kwamba ikishapigwa, vyote vinakwenda isipokuwa ganda, na ganda ndilo la gharama kubwa. "Na ganda tunalo, Mama Imani. Liko sakafuni, mimi ndiye ninalifagia. Si hapo tumeokoa?"

Nikakwambia pesa haiokolewi. Halafu nikakuuliza habari ya mama yangu.

Unamjua mama. Amekaanga maandazi tangu sijazaliwa. Ukimuuliza faida atakutajia unga, sukari, mafuta na kuni, na kinachobaki mkononi anakiita faida. Kuamka kwake hakumo. Mgongo wake haumo. Ungempa mtu mwingine ile kazi kwa mshahara, siku hiyo hiyo ungegundua kwamba mkate wa dukani ni rahisi. Nikakwambia na wewe ni hivyo hivyo, umehesabu baruti na umehesabu vichwa, mikono yako hujaihesabu.

Tulibishana hivyo Jumapili baada ya Jumapili, na nikisema ukweli, nilikuwa nafurahia. Sikuwahi kushika bastola maishani mwangu lakini nilizijua hoja zote. Nilikukumbusha kwamba mashine yenyewe haikuokotwa. Nilikukumbusha maganda yanayopasuka, ambayo wewe mwenyewe uliniambia unayatupa. Nilikukumbusha kwamba arbab akiagiza risasi za kiwandani kwa wingi anapunguziwa bei mpaka zako zinaonekana za anasa. Wewe ukasema za kiwandani ni kama suruali ya dukani, zako unamshonea mtu kwa kipimo chake, na kwamba wanaoshindana wanazitaka zile laini zisizotikisa mkono. Nikakubali. Lakini nikakuuliza, hao wanaouziwa kwa bei nafuu, wanarudi nyumbani na chenji? Ukakuna kichwa. Ukasema wanapiga mara mbili zaidi, basi wanaondoka mifuko mitupu vile vile. "Hapo umenishika," ukasema, ukaninunulia karak nyingine.

Ingekuwa ubishi tu, ningeukumbuka nikicheka. Ila arbab alikuwa amekuahidi jambo. Akiona kweli zile risasi za kujaza zinamgharimu kidogo kuliko za kiwandani, ataifanya iwe idara kamili, na wewe ndiye utakayeisimamia, kwa mshahara unaomwezesha mtu kuombea familia yake viza. Ulinieleza hayo taratibu, kama mtu anayebeba sinia la glasi. Mwanetu nilimwacha kwa mama Korogwe akiwa bado anatambaa. Alijifunza kutembea mbele ya simu. Ukaniambia tutapanga chumba Al Warqa, kidogo tu, Imani aanze shule huku, na mimi nitoke kwenye kulala kwa watu. Toka siku ile sikuweza tena kucheka nikisikia neno mashine.

Ndipo ukaanza kwenda Jumapili.

Kwanza ulisema ni asubuhi tu. Jumamosi wateja wanakuwa wengi, maganda yanajaa ndoo, Jumatatu watu wanataka risasi zao. Mimi Jumapili ndiyo siku pekee madam ananiachia, unajua. Nikawa nakaa kwenye benchi peke yangu na chupa ya chai, nawatazama watoto wa wenzangu wakiendesha baiskeli. Ukija, jua limeshageuka. Mikono yako inanuka baruti na ile sabuni ya ndimu. Nikakuuliza kama wanakulipa hizo saa. Ukatabasamu lile tabasamu lako la mlangoni mwa duka la mashuka.

"Siziandiki," ukasema. "Nikiziandika, hesabu inaharibika. Nisipoziandika, arbab anaona tunaokoa."

Baba Imani, nilikujia juu siku hiyo. Nilikwambia humwoneshi arbab bei ya risasi, unamwonesha uongo, na uongo huo unaulipia kwa siku yangu. Nilikwambia wewe unaokoa fulusi za mtu mwingine na kutupa Jumapili yako mwenyewe. Nilisema "unaokoa" kwa ulimi wangu, na hata hukufurahi kwamba hatimaye nimelisema. Ulinishika tu mkono. "Jumapili ziko nyingi, mpenzi. Nivumilie kidogo."

Halafu ukalala. Hapo hapo, kichwa begani kwangu, kabla hata chai haijapoa. Mkono wangu ulikufa ganzi na sikuusogeza. Mlinzi wa bustani alipita akatutazama vibaya, akadhani mlevi, nikamwambia huyu ni mume wangu na amechoka. Alikuwa mtu wa kwetu Afrika, akaelewa, akaenda kusimama mbali. Nikikumbuka ndoa yetu sikumbuki harusi. Nakumbuka uzito wa kichwa chako siku ile.

Wenzako wa chumbani walisema siku moja ulirudi kutoka kazini, ukakoga, ukalala, na ulipoitwa uende zamu hukuitika. Daktari alisema ni moyo. Moyo gani, wakati hukuwahi hata kuumwa kichwa? Madam alinipa ruhusa nikupeleke Nakuru. Tangu tuoane likizo zetu hazikuwahi kuangukia pamoja, kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza ndani ya ndege moja. Mimi nilikaa juu karibu na dirisha, wewe ulikuwa chini na mizigo. Mhudumu aliniuliza kama nasafiri peke yangu. Nikamwambia hapana, niko na mume wangu.

Nilirudi kwa sababu mkataba haukuwa umeisha. Nikafua, nikapiga pasi, nikawapikia watoto wa madam wali wao wa machboos. Nilikuwa mzima, watu walinisifu. Jumapili nilibaki chumbani.

Sasa Jumapili hii iliyopita Kato akanipigia simu kwamba kuna vitu vyako vilibaki kwenye kabati pale kazini, tukutane Naif anikabidhi. Vilikuwa kidogo, aproni yako na vile vizibo vya masikio na kikombe kile chenye mpini uliovunjika. Nikamuuliza, ili tu niseme kitu, mashine inaendeleaje. Ndipo akaniambia imeuzwa.

Alisema baada yako walimchukua mtu mwingine. Mtu mzuri, ana mikono myepesi, ila huyo anaandika saa zake zote, na ya Jumapili akiombwa aje anataka ilipwe kama Jumapili. Haki yake. Ikapita miezi michache, arbab akaitisha hesabu, akakuta kila boksi la kujaza linamtoka ghali kuliko la kiwandani. Akauliza mbona zamani haikuwa hivi. Akasema khalas, yaani basi, iuzwe.

Kato alikuwa anatazama viatu vyake akisema hayo. Kisha akainua macho. "Nyabo," akaniambia, kwa heshima yao ya Kiganda, "ile faida yote ilikuwa ni yeye."

Basi nimekushinda, Baba Imani. Ubishi wetu umeamuliwa na mimi ndiye mshindi. Haiokoi. Labda kwa mtu ambaye ni starehe yake, anayekaa na mashine yake jioni kama mwingine anavyokaa na bao, huyo asihesabu saa zake, ni raha yake. Lakini kwako haikuokoa kitu. Na laiti ungejua jinsi nisivyoutaka ushindi huu. Ningekuwa radhi nishindwe kila Jumapili mpaka tuzeeke, unicheke, unitangaze kwa Kato, mradi uwe umekaa hapa.

Nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Nina hasira na arbab, aliyekuwa anakuta maboksi yamejaa Jumatatu asubuhi na hakuuliza yamejazwa na nani saa ngapi. Ila wewe nakukasirikia zaidi kwa kuwa wewe ndiye nakupenda. Ulijiweka kwenye ile hesabu kama kitu cha bure. Nani alikwambia wewe ni bure?

Jumatatu nilimwambia madam sitaongeza mkataba. Akasema nifikirie, mshahara utaangaliwa. Nikamjibu asante madam, nimeshafikiri. Narudi Korogwe kwa mwanangu. Hatutapanga Al Warqa, atasoma pale pale kwa bibi yake, na jioni nitakuwepo mimi mwenyewe na si uso kwenye simu.

Jana nikampigia nimpe habari. Alipiga kelele, akakimbia kumwambia bibi, akarudi anahema. Akaniambia na yeye ana siri. Ana kopo la maziwa ya unga, amelitoboa juu, na kila shilingi anayopewa anaitumbukiza humo. Ni ya nauli yangu, ili nisije nikakosa ya kunileta.

"Naokoa pesa, mama," akasema.

Unanijua. Mdomo ulishafunguka. Nilikuwa nimeshalipanga neno, kwamba mwanangu, pesa haiokolewi, inawekwa. Lakini nikamuuliza kwanza nani kamfundisha kusema hivyo, maana kule Korogwe hakuna anayesema hivyo, na bibi yake angemkata kauli.

"Ndivyo baba anavyosema," akanijibu.

Anavyosema. Yeye akawa anaita mama, mama, unanisikia? Nikamwambia nakusikia. Nikamwambia okoa, mwanangu, okoa vizuri, mama anakuja.

Kwa hiyo hapo umenishinda wewe. Neno lako limebaki nyumbani kwangu na sitaligusa.

Kikombe chako nimekifunga kwenye lile shuka la kwanza nililonunua Naif, ambalo mama hakulipata kamwe kwa sababu nililala nalo mimi. Nikifika nitakinywea chai. Nitapitia Nakuru kwanza, nikupalilie kaburi, nimsalimu mama yako, ndipo nishuke kwetu.

Pumzika sasa, mume wangu. Keshokutwa ni Jumapili. Usiende.

Ni mimi mbishi wako,
Mama Imani