Kiti cha Laban Kwenye Ndege ya Bei Nafuu

Kakuyuni, 9 Septemba 2025

Bi. Fridah mpendwa,

Shikamoo. Sijui umri wako lakini naitoa tu, kama si haki yako utanirudishia. Huwa nausoma ukurasa wako kwenye duka la unga hapa kwetu, mwenye duka hunikatia gazeti likishazeeka, na leo nimeona na mimi nikuandikie, maana nina tikiti mbili za ndege na msafiri ni mmoja, yule wa pili tumemzika mwezi uliopita.

Tikiti zenyewe zilinunuliwa na binti yetu Linet aliyeolewa Nairobi. Alikuwa mjamzito, akaona kwenye simu ofa ya hizi ndege za bei nafuu, akatukatia mimi na baba yake, Laban, ili mtoto akizaliwa twende tumuone, kwa sababu mimi basi la usiku kucha linanivimbisha miguu mpaka viatu haviingii. Akatuambia mapema kwamba rahisi hii ina masharti, siku haibadilishwi, jina halibadilishwi, pesa hazirudi, chakula hakuna, na kila mtu ana mkoba mmoja wa kilo saba. Laban alicheka sana. Alisema, "Kilo saba! Hiyo si safari, hiyo ni kwenda kisimani."

Laban alikuwa mkulima, na shamba letu ndege zinazotoka Malindi hupita juu yake, basi kila ikipita husimamisha jembe, huweka kiganja juu ya macho, kisha husema, "Hao sasa wanakunywa chai." Linet alipomwambia kwamba kwenye hii yetu chai haipo, akasema, "Basi tutabeba mahamri yetu, na wenzetu wameze mate." Tangu siku ile akawa anaupeleka mkoba wake dukani kuupima kwenye mizani ya mahindi, anatoa shati, anarudisha shati, anatoa viatu, kwa sababu ndani aliweka mbuzi ya kukunia nazi aliyoichonga mwenyewe ampelekee Linet, na ule mti ni mzito. Alikuwa akisema mtoto wake hawezi kupika kwa tui la pakiti kama mtu asiyekuwa na kwao.

Alianguka palepale shambani asubuhi, tukamkimbiza hospitali, akafia njiani. Na wiki ileile Linet alikuwa amezaa kwa kupasuliwa, madaktari wakamkataza kusafiri, kwa hivyo mtoto wangu alimzika baba yake kwa simu, nilisimama nimeinyanyua simu karibu na kaburi asikie nyimbo. Mpaka leo tukizungumza hamalizi bila kuniuliza, "Mama, bado utakuja?" Nami namjibu, "Mungu akipenda," lakini Mungu sidhani kama ndiye anayenizuia.

Wiki iliyopita walikuja uani kwangu wifi yangu Pola na shemeji yangu Kiponda, ndugu zake Laban. Pola ndiye aliyeanza.

"Wifi, kaburi halijaota hata magugu, na wewe wataka kupaa angani? Watu watasema ulikuwa ukimngojea afe usafiri."

"Mwache, Pola," akasema Kiponda. "Ataenda. Ila hataenda peke yake."

"Ataenda na nani?"

"Na mimi. Kiti kimelipiwa. Kiende hewani kitupu, kwani sisi matajiri?"

Nikamwambia tikiti imeandikwa Laban. Akatoa mfukoni kitambulisho cha marehemu, ambacho alikichukua siku ya msiba akasema atakifikisha kwa chifu, akakiweka kando ya shavu lake. "Nitazame vizuri, shemeji. Nani atatutofautisha? Hata mama alikuwa akinichapa kwa makosa ya Laban."

Pola akacheka, na mimi nikacheka, maana ni kweli wanafanana. Kisha Kiponda akasema kwa sauti ya chini, "Na ni vizuri uanze kuzoea." Sikumuuliza nizoee nini. Tangu hapo huja kila asubuhi, ameniezekea jiko, amenitengenezea ua, akimaliza huketi kwenye kiti cha Laban na kuagiza chai. Hanitukani, hanivunjii adabu, na ndiyo maana sijui nimkatae kwa neno gani.

Lile linalonitisha zaidi ni dogo, utalicheka. Naogopa pale uwanjani wataita "Laban," na mtu aliyesimama ubavuni mwangu ataitikia.

Nisaidie, Bi. Fridah. Nisiende kabisa, niheshimu msiba? Niende na Kiponda, kiti kisipotee? Mkoba wa Laban bado uko nyuma ya mlango, sijaufungua. Majina yetu usiyafiche, huku sote twajuana, na nataka Kiponda asome kwako yale nisiyoweza kumwambia usoni.

Wako,
Kahonzi, Mama Linet

*

BI. FRIDAH ANAJIBU

Mama Linet, pole sana. Shikamoo yako nimepokea nusu, nusu nakurudishia, nadhani tumelingana.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeniandikia barua nzima kuhusu kiti cha ndege na hali unajua vizuri kwamba jambo si kiti. Unajua "kuzoea" maana yake nini. Kiponda anajua, na Pola aliyecheka anajua. Shemeji anataka kukurithi, na badala ya kuuliza ameamua kuketi. Ameanza na kiti cha uani, sasa anataka cha ndege. Wewe nawe unamwandalia chai na kungoja mimi niseme la. Haya, nimesema. Lakini la yangu haitoshi, itabidi na yako isikike.

Mila ya kumrithi mjane siitukani. Ilikuwa na sababu zake, na wapo waliositirika nayo. Lakini hata mila ina mlango wa mbele. Mjane hukalishwa mbele ya wazee akaulizwa, na akisema hataki, limekwisha. Mila haipiti dirishani na kitambulisho cha maiti mfukoni.

Kiponda, najua gazeti hili utalishika. Kusafiri kwa jina la marehemu si ujanja, ni kosa la jinai, na watakaokukamata watamshika na huyu mama uliyetaka kumsindikiza. Kipeleke kwa chifu hicho kitambulisho leo, kama ulivyosema. Kama unatamani kuiona Nairobi, subiri ofa nyingine ukate tikiti kwa jina lako. Na kwa jiko uliloezeka, ahsante. Mtu anaweza kumwezekea mjane wa nduguye bila kudai anachokifunika.

Pola, mama huyu hamkimbii marehemu. Anamfuata mtoto aliyezika baba kwa simu. Wewe ulilia ukashikwa mabega. Linet nani alimshika?

Kwa hivyo, Mama Linet, utakwenda, na utakwenda peke yako. Hicho kiti acha kipotee. Tulipewa rahisi kwa masharti, na masharti hayajui msiba. Inauma, lakini hasara ya kiti ni ndogo kuliko ile uliyokuwa ukiikaribia.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Haivunji safari ya mtu aliyejiandaa, kwa hivyo nisikilize. Ndege hizi hubadilisha saa kwa ujumbe mfupi tu, basi mwambie Linet awe anakutazamia, na siku yenyewe usitoke nyumbani bila kumuuliza. Mwambie pia asimtume mtu kukupokea mpaka akusikie umetua. Beba mahamri, na umalize kunywa maji yako kabla ya ukaguzi. Huko juu kuna baridi, na nguo uliyoivaa haipimwi, kwa hivyo vaa lile sweta zito, usilitie mkobani.

Mkoba wa Laban ufungue, na usiufungue peke yako, mwite jirani. Kilo saba zilizobaki ni zako, za kwake zimekwenda naye, itabidi uchague. Mbuzi ya nazi iende. Lakini ing'oe kile chuma chenye meno ukiache nyumbani, la sivyo watakizuia pale penye ukaguzi na utalia mbele ya watu. Chuma fundi yeyote wa Nairobi atatia. Mti aliouchonga Laban hakuna atakayeuchonga tena.

Ukifika uwanjani, nenda mezani kwao waambie mapema kwamba abiria wa pili hatakuja, wasije wakamwita.

Na kile kiti cha uani kiingize ndani kabla hujaondoka. Shemeji akija, mpe kigoda kama mgeni mwingine. Mwambie kwa kinywa chako, "Shemeji, mimi sirithiwi." Ni maneno matatu tu, mwanamke aliyesimama kaburini na simu mkononi hayawezi kumshinda.

*

Nairobi, 6 Oktoba 2025

Bi. Fridah mpendwa,

Nimefika. Nakuandikia Linet akiwa amelala, mtoto yuko mapajani mwangu, kwa hivyo mwandiko unisamehe.

Kiponda alikuja na gazeti limekunjwa kwapani. Hakuketi, kiti chenyewe kilikuwa ndani. Akasema, "Shemeji, umenianika kwa watu."

Nikamwambia, "Nilishindwa kukuambia usoni. Sasa nakuambia. Mimi sirithiwi."

Akakitazama kile kigoda. Kisha akasema, "Kitambulisho nimekipeleka. Na ule ua upande wa choo haujaisha, nitaumaliza, chai usinipikie." Siku ya safari ndiye aliyenibebea mkoba hadi kwenye pikipiki, na Pola alinifungia mahamri ambayo mimi sikumwomba.

Ndege ilichelewa mpaka jua likapinda. Watu waligombana na wafanyakazi, mimi nilikula. Kwenye ukaguzi kijana aliigeuzageuza ile mbuzi akaniuliza, "Mama, huyu meno yake yako wapi?" Nikamwambia, "Kastaafu." Akacheka akanipisha.

Sasa kuna jambo ambalo sikukutii, na nakuomba radhi. Hukukosea kuniambia niwaarifu mapema, lakini Linet alipowathibitishia wenye ndege majina yetu kwa simu hakuwa na moyo wa kumtoa baba yake, na mimi nilipofika mezani nikanyamaza. Nilitaka nisikie jina lake likiitwa mara moja. Maisha yake yote alitazama ndege zikipita, angalau na yeye aitwe.

Wakamwita, jina lake lote mpaka la baba yake, kwenye kile kipaza sauti, na uwanja mzima ukasikia. Hakuna aliyeitikia. Nikasimama upesi nisiwacheleweshe watu, nikamwendea msichana wa mlangoni nikamwambia, "Mwanangu, huyo hatakuja. Ni mume wangu, tumeshamzika." Akanishika mkono, akasema, "Pole, mama," akaandika kitu, tukapanda.

Kiti cha Laban kilikuwa cha dirishani, changu kilikuwa kando yake. Nilikaa kwenye changu. Yule mhudumu alipopita kutukagua mikanda akaniambia, "Mama, hapo hapana mtu, sogea uone nje."

Nikasogea.

Mashamba yetu yalipita chini upesi kuliko nilivyodhani. Sikuliona letu, lakini niliweka kiganja kwenye kioo, endapo kuna mtu huko amesimamisha jembe.

Chai hawakutupa. Unikumbuke, Bi. Fridah, mimi na Laban wangu.

Kahonzi