Mkanda wa Mama

Mwenzangu, usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Leo darasa letu la watu wazima limepelekwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu. Unakumbuka nilivyojigamba kwamba mama alirekodiwa zamani na mtafiti wa nyimbo za kutwanga? Mkanda umepatikana!

Mhifadhi akaninong'oneza, "Dada, hapa jamaa wa msimulizi husikiliza kwanza peke yake." Nikamwambia aweke spika, wote wasikie. Mimi mwenyewe nilisema aweke spika!

Mama akaimba, darasa likapiga makofi. Kisha mtafiti akamuuliza kama wanawe wanasoma. Akacheka. Kicheko chake unakijua.

"Mdogo ndiye mwenye akili. Huyu mkubwa ni gogo. Nilimwambia mwalimu wake kwamba huyu mtoto amekufa, wakamfuta shuleni, nikapata wa kunifulia."

Amekufa! Na miaka yote ananiambia nilikataa shule mwenyewe. Dhambi hiyo nimeitubu kwa magoti tangu usichana, Mungu ni shahidi.

Fundi baiskeli, yule anayekaa nyuma yangu, akasema, "Marehemu, hebu sogeza kiti." Wakacheka wote. Mwalimu naye akacheka.

Sasa niko nyumbani, mlangoni. Unajua macho ya mama yamekwisha, kila siku mimi ndiye humsomea Maandiko. Ameniita, "Mwanangu, umerudi? Njoo unisomee."

Nimeomba nguvu ya kumsamehe. Sijapewa.

Nimemjibu, "Maiti hasomi, mama."

Ameelewa, mwenzangu. Hata hakuuliza maiti gani.