Mshipi wa Siku Arobaini

Jabe, Bujumbura
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Mwanne,

Amani ya Mungu iwe juu yako hapo Rumonge, juu ya shemeji na watoto. Natumaini kikohozi cha shemeji kimepungua na kazi ya kukamua mawese haijawachosha sana. Mimi mwili wangu unapona vizuri. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ungeanza kulia nami ningenyamaza tena, na kunyamaza ndiko kulikonifikisha hapa.

Léoncie, mwalimu mwenzangu, anakwenda Rumonge kesho asubuhi kumwona mama yake. Nimemwomba akupe barua hii mkononi. Nataka uisome kabla hujafunga safari ya Ijumaa, na uisome ukiwa peke yako.

Dada, unakumbuka nilivyokuwa siku ya harusi yangu. Ulinifunga kitenge ukasema nimejaa vizuri, Hamimu amepata mke kweli. Miaka sita ikapita bila mimba. Daktari akaniambia uzito unanizuia, nipunguze kwanza ndipo tuzungumze mengine. Nilimsikia kama ninavyosikia kila kitu, yaani mpaka mwisho. Kwa miaka miwili nilikwenda shuleni kwa miguu, kutoka hapa Jabe mpaka Mutanga Sud, nikipanda kile kilima kwenye jua. Niliacha soda, niliacha wali wa jioni. Zikatoka kilo thelathini na nane. Majirani waliuliza naumwa nini, na kule gereji mafundi wenzake Hamimu walimtania kwamba ananificha chakula.

Kilichotoka ni unene tu. Ngozi ilibaki. Tumbo lilining'inia mpaka mapajani, nikawa nalikunja na kulifungia ndani ya sketi. Mikono ndiyo ilikuwa mibaya zaidi kwa sababu kazi yangu ni kuandika ubaoni. Nilipoinua mkono ngozi ya chini ilitikisika, na nyuma ya darasa wakacheka. Nikajifunza kuandika kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, mistari yote ikawa chini ya ubao kama imeandikwa na mtoto.

Siku moja nilikuwa nabadilisha nguo, Hamimu akaniangalia, akacheka kwa namna yake ile ya utani. Akasema, «We Soumaya, mchele umeisha, imebaki gunia.» Nikacheka na mimi. Sidhani anakumbuka kwamba alilisema neno hilo. Mwezi wa tano alinipa talaka, bila ugomvi, akisema amechoka kungoja mtoto. Alichukua nguo zake na redio. Wewe ulinipigia siku ile nikakwambia niko sawa, kisha nikakaa miezi mitatu karibu bila kusema na mtu isipokuwa wanafunzi.

Sasa sikiliza lile ambalo sikukwambia. Kuna kliniki moja Kigobe ambako daktari mgeni huja mara mbili kwa mwaka kukata ngozi ya watu waliopungua kama mimi. Hakuna aliyenishauri. Likizo ilipoanza niliwaambia majirani naenda semina Gitega, nikapanda teksi mpaka Kigobe. Daktari alinisimamisha uchi, akanichora kwa kalamu kama fundi anayechora kitambaa: mstari mmoja toka nyonga hii mpaka ile, mingine miwili toka kwapani mpaka kwenye kiwiko. Kabla ya hapo muuguzi alinipa fomu. Palikuwa na nafasi ya jina la mtu wa kuitwa kama kutatokea jambo. Niliandika jina lako, nikaweka namba yangu mwenyewe.

Nilirudi siku ya nne. Nilitembea nimejikunja kwa sababu tumbo lilikuwa limeshonwa kwa kuvutwa, na chini ya nguo nilikuwa na mshipi mpana wa kubana ambao natakiwa kuuvaa wiki sita. Nilikuwa nimetayarisha uongo mdogo, kwamba nimepasuliwa kidole tumbo. Mama Tajudini, yule jirani wa mlango wa pili ambaye ulikula kwake Idi iliyopita, alikuwa anaosha sufuria uani. Aliziacha, akanishika, akanilaza. Blauzi ya mikono mirefu sikuivua, lakini aliponifungua sketi aliona mshipi, akaona na damu kwenye pamba chini ya kitovu.

Yeye ni mama wa watoto saba. Mshipi wa tumbo kwake una maana moja tu. Alijumlisha mwenyewe: talaka ya mwezi wa tano, magauni yangu mapana, semina ya ghafla. Akakaa kitandani, akauliza kwa sauti ya chini sana, «Na mutoto iko wapi?»

Dada, uongo wangu wa kidole tumbo ulikuwa pale mdomoni. Lakini kwa miezi mitatu hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu kwa sauti ile. Nikaanza kulia. Yeye akayachukua machozi kuwa jibu. Akasema, «Apana, usiseme. Basi, mwanangu, basi.» Akanifunika. Jioni akarudi na uji wa pilipili manga, na nyuma yake wanawake wanne wa ua wetu. Hata Asiya wa duka la kona alikuja, yeye ambaye aliwahi kusema mbele yangu kwamba mimi ni kibuyu kikubwa kisicho na mbegu. Alinipigia magoti akaomba nimsamehe.

Wakasoma dua, wote mikono juu. Mimi sikuweza kuinua yangu kwa sababu ya nyuzi, nikailaza tu juu ya shuka. Nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, «Ona, mikono imemukufa kwa uchungu.»

Tangu siku hiyo sijakaa peke yangu hata asubuhi moja. Mama Tajudini ananiosha miguu na kunisuka, maana siwezi kufikia kichwa changu. Huwa anatania, anasema nywele zangu ni ngumu kama kichwa changu, na ningekuwa binti yake angenichapa nikanenepa upya. Wanaleta mboga za lengalenga na samaki wa mikeke. Wanahesabu siku kwa niaba yangu. Kwa kuwa wanaamini nina damu ya uzazi, hakuna anayetarajia niswali. Kwa hiyo nimekuwa naswali kwa kujificha, nimekaa, mlango umefungwa, nanong'ona, nikisikia kandambili uani nakunja msala na kuusukuma chini ya kitanda. Mimi, Soumaya, niliyelelewa nyuma ya msikiti, naiba swala.

Siku ya kumi na mbili alikuja Hamimu. Alikaa mlangoni, kofia mkononi, akalia. Alisema hakujua nimebeba, angejua asingetoka. Aliuliza mtoto amezikwa wapi akamsomee. Nikamjibu kwamba watu wa hospitali walimaliza kila kitu. Wiki iliyopita alimtuma Mama Tajudini kuniambia anataka kunirudia kwa ndoa mpya, baada ya arobaini. Kwa hiyo naelewa vizuri nitakachokipoteza. Na tumbo limekuwa bapa, dada. Mikono imekuwa ya msichana. Kila usiku naiangalia, na hakuna mwingine aliyeiona, kwa sababu kuionyesha ni kusema.

Najua Mama Tajudini alikupigia. Nilipata ujumbe wako kwamba utakuja Ijumaa, siku ya arobaini, tulie pamoja, kwa sababu wewe unaujua uchungu huo. Ujumbe huo nimeusoma mara nyingi mno. Hakukuwa na mtoto, Mwanne. Hakukuwa na mimba. Kilichotolewa ni ngozi, na mimi ndiye niliyeomba itolewe.

Ningeishia hapo ningekuwa bado nakuficha. Kunyamaza kungeweza kusameheka, nilikuwa na maumivu na dawa kichwani. Lakini siku ya saba Mama Tajudini aliniuliza kama alikuwa wa kiume au wa kike, ili wamtaje kwenye dua. Nilikuwa na akili yangu timamu. Nikasema wa kike. Akaniuliza kama nilimpa jina. Mimi nimewahi kulilia mtoto mmoja tu katika maisha yangu, yule wako, niliyemshika masaa mawili pale Rumonge kabla hajatutoka. Nikasema Yasmina.

Kwa siku ishirini na tisa wamekuwa wakimwombea Yasmina wangu. Nilichukua jina la mwanao nikawalipia nalo uji na mkono wa kunisuka. Kwa hilo sina udhuru, na ndilo lililonifanya nianze na wewe kabla ya kumwambia mtu mwingine, maana jina ni lako.

Usije kwa ajili ya arobaini. Haitasomwa. Kama baada ya haya bado unataka kunikaribia, njoo kwangu mimi, hivi nilivyo. Ukishindwa, nitaelewa, na sitakupigia mpaka wewe upige.

Leo baada ya alasiri Mama Tajudini anakuja na chanuo, kama kila Jumatatu. Atakaa kwenye kiti, mimi chini kwenye mkeka, nimempa mgongo. Nimeamua kumwambia wakati huo, kwa sababu usoni sitaweza. Hamimu atasikia kutoka kwake kabla ya magharibi, ua wetu unaujua. Léoncie anapita kuchukua barua sasa hivi, kwa hiyo sitaweza kukuandikia jinsi Mama Tajudini alivyopokea. Lakini yeye huanza upande wa kulia daima, na nywele zangu humchukua saa nzima. Ukija ukanikuta nimesukwa upande mmoja, utajua kwamba nimesema.

Nisalimie shemeji, na hao wanao wawili uwapakate kwa niaba yangu. Mungu akulipe subira ya kunisoma mpaka mstari huu.

Mimi mdogo wako,
Soumaya