Wimbo wa Caro Ulioimbwa na Eugene

Liwan,
Guangzhou, China.
6 Mei 2025.

Mpendwa dada Wairimu,

Natumaini wewe na shemeji mnaamka salama huko Nyahururu, na kwamba goti lako limepoa. Mvua imefika? Viazi vimeota? Mimi naamka, naenda kazini, nala ninachoweza kumeza. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Caro amekuwa akikuambia kwamba sipokei simu kwa sababu koo linaniuma. Ni mimi niliyemwomba aseme hivyo, nikihofia presha yako. Ukweli ni kwamba sina sauti, dada. Mwaka jana madaktari walinikuta na saratani ya koo.

Caro ndiye aliyekuwa mkalimani wangu hospitalini. Kwenye maonyesho ya biashara kule Pazhou huwatafsiria wanunuzi Kichina bila kusita, lakini siku ile alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akatazama sakafu.

"Baba, watatoa kikoromeo chote," akasema. "Hutaongea tena. Lakini wasipokitoa utakufa."

Nilimjibu, "Sawa, mami." Sikumbuki kama nilimwambia neno lingine la maana baada ya hilo.

Kazi haikusimama. Hapa soko la Shisanhang tunaponunua nguo za jumla, watu huonyeshana bei kwenye kikokotoo. Wachina wangali wananiita laoban, bosi, na mimi nawapungia mkono.

Kilichoniua ni harusi. Unakumbuka nilivyokuwa nikiimba nyimbo za kantri kwenye baa za pale nyumbani, baba akikasirika. Mama yake Caro alipofariki, mtoto akiwa bado anatambaa, nilitunga wimbo wa namna hiyo: baba anamshika binti mkono mpaka mbele ya kanisa, halafu anauachilia. Sikuwahi kumwimbia. Nilitaka ausikie siku anayoolewa, kutoka kinywani mwangu.

Jumamosi iliyopita aliolewa na Calvin, kijana wa Eldoret aliyesoma naye hapa. Ni kijana mwema, sina neno juu yake. Mkahawa ulijaa Wakenya na Watanzania. Rafiki yangu Eugene, wakala anayetusafirishia mizigo kupitia bandari ya Huangpu, alikuwa amejifunza maneno ya wimbo. Mimi nikapiga gitaa, yeye akaimba. Aliimba vizuri kuliko nilivyowahi kuimba mimi.

Wimbo ulipokwisha, Caro aliinua gauni lake akakimbia, akamkumbatia Eugene, akalia begani kwake.

Eugene akamwambia taratibu, "Huu ni wimbo wa babako. Mimi nimemwazima mdomo tu."

Caro alinigeukia akanikumbatia kwa nguvu. Lakini alikuwa ameshalia, dada. Machozi yale ya kwanza yalimwagikia bega la mtu mwingine.

Kisha akaniuliza, "Baba, wewe ungeuimba vipi?"

Nikafungua mdomo. Hewa ikatoka kwenye tundu la shingoni waliloniachia madaktari, basi. Caro akaziba uso kwa mikono, na Calvin akamwondoa pale polepole.

Kuna jambo asilolijua. Jana nilirudi kwa daktari peke yangu, nikitafsiri kwa simu, maana sikutaka Caro atamke tena maneno kama yale. Ugonjwa umeingia mapafuni, na hakuna tena cha kukata. Calvin amepata kazi Nairobi, wanaondoka wiki ijayo. Nikiwaambia hawataondoka, kwa hiyo nitawasindikiza uwanja wa ndege nikitabasamu. Usinilaumu. Sijui njia nyingine, na nimechoka kuitafuta.

Sikuombi uje, wala sikuombi uniombee nipone. Nakuomba hili tu: Caro akipata watoto, waambie babu yao hakuwa bubu. Waambie alikuwa na makelele, na kwamba ulikuwa ukimfukuza jikoni kwa mwiko kwa sababu ya kuimba. Caro atawaambia pia, lakini nahofia atakachokumbuka yeye ni ile hewa.

Nisalimie shemeji, mwanao Tom na mkewe Chepkoech, na Shamsia jirani yako aliyenitumia majani ya chai. Mungu akuzidishie uzima, na ule aliokuwa ameniwekea mimi akupe wewe.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Kimani